Saa isiyochoma kidole: je, redio yaweza kuonja sukari?

KAMA nyumbani kwako kuna mgonjwa wa kisukari huna haja ya kuelezwa habari za sindano. Unazijua. Asubuhi kabla ya chai mzee anakaa kwenye kiti chake, ananyoosha kidole, anakichoma, anakamua tone la damu, analigusisha kwenye kile kikaratasi chembamba kisha anangoja mashine itoe hukumu yake. Jioni ni vivyo hivyo. Mtu anayejipima mara mbili kwa siku hujichoma mara 730 kwa mwaka, na hapo hatujahesabu zile siku ambazo mkono ulitetemeka, tone likawa dogo na ikabidi arudie. Kila kikaratasi hununuliwa kwa pesa, na kikishatumika mara moja hutupwa.

Ndiyo maana tangazo la saa ya mkono inayopima sukari bila kumchoma mtu humwingia mgonjwa moyoni upesi kuliko tangazo lingine lolote. Matangazo ya namna hii hupita kwenye simu zetu kila uchao. Moja litasema saa hutumia mwanga, jingine litasema mawimbi, na jingine halisemi chochote ila kwamba ni teknolojia mpya. Kijana aliyeajiriwa mjini, anayempenda mamake aliye mashambani, anaiona saa hiyo, anapiga hesabu ya vikaratasi vya mwaka mzima na kuona kwamba saa ni nafuu. Anainunua na kuituma kwa basi. Mama anaivaa kwa fahari, na ile mashine ya damu inatiwa kabatini.

Leo nataka tuzungumze kuhusu saa hizo, hasa zile zinazodaiwa kutumia mawimbi ya redio. Sitaanza kwa kusema kwamba ni uongo mtupu, kwa sababu si uongo mtupu, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mawimbi ya redio kweli huweza kuhisi kilicho ndani ya mwili wa mtu. Jambo hilo limejulikana kwa miaka mia moja. Swali ni kama mawimbi hayo hujua jina la kitu yanachokihisi.

Mkono karibu na redio

Ukiwa na redio ya zamani, ile ya kuzungusha kitufe ili kutafuta steshini, fanya jaribio hili. Itege mahali ambapo steshini inasikika kwa shida kidogo, kisha sogeza mkono wako karibu na antena bila kuigusa. Mara nyingi utasikia sauti ikibadilika; pengine itatulia, pengine itaanza kukwaruza. Sisi tuliolelewa na redio ya aina hiyo tunajua kwamba palikuwa na mtoto mmoja nyumbani aliyeamriwa asimame pale pale asitikisike hadi taarifa ya habari imalizike.

Kwa nini mwili wa mtoto uliisaidia redio? Kwa sababu mwili wa binadamu, kwa macho ya redio, ni mfuko wa maji ya chumvi. Ukiuleta karibu na antena umeongeza kitu kwenye mtambo, na mtambo huo unabadilika.

Wanafunzi wa fizikia watanielewa nikisema kwamba ndani ya redio hiyo mna koili ya waya na kapasita, yaani visahani vya chuma vilivyokaribiana bila kugusana. Viwili hivyo vikiunganishwa hupenda masafa fulani na kuyakataa mengine, kama vile kengele ilivyo na sauti yake moja. Ukizungusha kitufe unabadilisha jinsi visahani vinavyotazamana, na hivyo unabadilisha masafa. Ukiongeza uwezo wa kapasita mara nne, masafa hushuka hadi nusu: palipokuwa na kilohezi 1,000 sasa pana 500. Lakini kuna njia nyingine ya kubadilisha uwezo huo bila kugusa kitufe. Tia kitu katikati ya visahani. Mahali palipokuwa na hewa tupu, weka maji safi, na uwezo wa kapasita utaongezeka karibu mara 80. Weka mafuta ya kupikia badala ya maji na utaongezeka mara tatu hivi tu. Kwa hiyo mtu aliyefungiwa katika chumba cha giza, bila kuona wala kuonja, anaweza kusoma masafa peke yake na kukuambia kama kilichowekwa kati ya visahani ni maji au mafuta, mradi awe ameambiwa mapema kwamba ni kimojawapo cha hivyo viwili. Ushike vizuri huo mradi, tutaurudia.

Mrusi mmoja, Lev Theremin, alikuwa akitengeneza chombo cha kupima gesi kwa njia hii hii alipogundua, mnamo 1920, kwamba mkono wake ukikaribia mtambo sauti hupanda na kushuka. Akakigeuza kuwa ala ya muziki inayopigwa bila kuguswa, na ikapewa jina lake.

Gunia la mahindi

Wengi wetu tunaoishi mjini tuna ndugu Trans Nzoia au Uasin Gishu wanaopeleka mahindi kwenye maghala ya bodi ya nafaka, NCPB. Hao wanajua uchungu wa ile mashine ya kupima unyevu. Mahindi yakizidi unyevu wa asilimia 13.5 hayapokelewi, mkulima huambiwa arudi nayo akayaanike. Anaweza kulalamika kwamba yamekauka, anaweza kuyauma kwa meno mbele ya karani ili yasikike yakipasuka, lakini karani anaiangalia mashine.

Mashine nyingi za aina hiyo ni kapasita. Mahindi humiminwa kwenye kikombe, umeme wenye masafa ya redio hupitishwa, na kwa kuwa wanga mkavu hubadilisha kapasita kidogo tu huku maji yakiibadilisha sana, tarakimu ya unyevu hupatikana mara moja. Hakuna punje inayosagwa wala kuchomwa. Hii ni kazi ya redio kutambua molekuli ndani ya kitu chenye uhai, na hufanywa kila msimu wa mavuno bila mtu yeyote kushangaa.

Lakini mwangalie vizuri karani kabla hajabonyeza kitufe cha mwisho. Anaiambia mashine kwamba haya ni mahindi. Akisahau akaiacha kwenye ngano au maharagwe, tarakimu itatoka, tena itatoka kwa ujasiri ule ule, nayo haitakuwa ya kweli. Joto la nafaka nalo lazima lihesabiwe, na mashine nzuri huwa na kipimajoto ndani yake kwa ajili hiyo. Mashine yenyewe haijui mahindi wala haijui maji. Inachojua ni kwamba masafa yamesogea kiasi fulani. Sababu ya kusogea huko ameileta binadamu.

Hebu sasa tuingie kwenye molekuli zenyewe. Molekuli ya maji ina ncha mbili, moja yenye chaji hasi kidogo na nyingine chanya kidogo. Ukiweka umeme unaogeuka huku na huku, molekuli hujaribu kugeuka nao, kama abiria waliosimama kwenye basi linaloyumba. Maji ni mepesi na huweza kuufuata mgeuko huo hadi mara mabilioni kwa sekunde ndipo yaanze kuchoka. Protini kama himoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake, ni kubwa na nzito. Yenyewe huachwa nyuma mapema, kwenye mamilioni machache tu ya migeuko kwa sekunde. Kwa hiyo ukipandisha masafa polepole na kuangalia ni wapi uwezo wa kapasita unaposhuka, unapata fununu kuhusu ukubwa wa vitu vilivyomo. Peter Debye, mwanasayansi mzaliwa wa Uholanzi aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mnamo 1936, ndiye aliyeiweka hesabu ya jambo hili wazi.

Hata kabla ya hesabu hiyo kukamilika, mzaliwa wa Denmark aliyeitwa Hugo Fricke, akifanya kazi Cleveland kule Marekani, alichapisha mnamo 1925 jambo ambalo mpaka leo mimi hulistaajabia. Alichukua damu, akapitisha umeme wa masafa mbalimbali, akapima kapasita. Kila chembe nyekundu ya damu ina maji ya chumvi ndani na maji ya chumvi nje, na kati yake pana ngozi nyembamba isiyopitisha umeme, yaani kila chembe ni kapasita ndogo. Kutokana na tarakimu zake Fricke alikadiria unene wa ngozi hiyo: kama ungeigawa milimita moja mara milioni, ngozi ingekuwa na unene wa sehemu 3.3. Darubini ya elektroni ilikuwa bado haijaundwa. Hapakuwa na jicho lolote duniani lililoweza kuiona ngozi hiyo, naye aliipima kwa umeme, na makadirio yake hayakuwa mbali na yale tunayoyajua sasa.

Ila Fricke naye alijua alichokitia kwenye chombo. Alijua ni damu, alijua chembe ni ngapi, alikisia ngozi yake ni ya mafuta. Kama angepewa chombo kilichofunikwa bila maelezo, umeme wake usingemwambia kwamba ndani mna damu.

Kijiko kimoja cha chai

Sasa turudi kwa mama na saa yake. Hesabu hii inafaa ifanywe mezani pamoja na watoto. Mtu mzima ana takriban lita tano za damu. Mtu mwenye afya, asubuhi kabla ya kula, huwa na glukosi ya milimoli 5 hivi kwa kila lita ya damu. Milimoli 5 za glukosi zina uzito wa gramu 0.9. Zidisha kwa lita tano unapata gramu 4.5, yaani kijiko kimoja cha chai. Hiyo ndiyo sukari yote inayozunguka katika damu yako, msomaji, hata kama asubuhi umetia vijiko vinne kwenye kikombe. Mgonjwa ambaye mashine yake inasoma 10 ana vijiko viwili. Hatari na salama, mtu huyu na daktari wake, vimetenganishwa na kijiko kimoja ndani ya jerikeni ya lita tano.

Kwa lugha ya molekuli, katika maji yenye glukosi ya kiasi hicho cha milimoli 5 kila molekuli ya glukosi imezungukwa na molekuli elfu kumi na moja hivi za maji. Saa inayotumia redio inatakiwa isimame nje ya jerikeni, isiifungue, itambue kama sauti moja katika umati wa elfu kumi na moja imekuwa sauti moja na nusu.

Tena jerikeni yenyewe haitulii. Maji yakipata joto zaidi kwa nyuzi 1 tu, ule uwezo wake wa kuongeza kapasita mara 80 hushuka kwa karibu nusu asilimia. Badiliko linaloletwa na sukari ya damu kupanda au kushuka ni dogo kuliko hilo mara nyingi. Na ngozi ya mkono wa mtu haipandi joto kwa nyuzi 1 peke yake. Unapotoka nje kwenye baridi ya Julai na kuingia ndani ya matatu iliyofungwa madirisha, ngozi inabadilika kwa nyuzi kadhaa. Unatoa jasho, na jasho ni maji ya chumvi, kitu ambacho redio hukisikia kabla ya kingine chochote. Unakaza mkanda wa saa, damu inasukumwa pembeni. Umekunywa maji, umekosa kunywa maji, umelalia mkono. Haya yote huyasogeza masafa, na saa haina karani wa kuiambia ni lipi kati ya hayo lililotokea.

Ndiyo maana watafiti wa kweli wanaoshughulika na jambo hili, na wako wengi katika vyuo vikuu vya nchi mbalimbali, hawatumii masafa mamoja bali mamia, huongeza vipimajoto, kisha huipa kompyuta kazi ya kutafuta alama ya sukari ndani ya vurugu hiyo. Wakijaribu kwenye glasi ya maji na glukosi, hufaulu vizuri. Wakienda kwenye mkono wa mtu aliyetulia chumbani, hupata matokeo ya kutia moyo. Kutoka hapo hadi mkono wa mwanamke anayepalilia shamba juani ni safari ndefu, na ni vizuri tukumbuke kwamba wapo waliowahi kuifunga safari hiyo.

Katika mji wa Zürich, Uswisi, kampuni ya Pendragon Medical ilitengeneza saa iliyoitwa Pendra. Haikuwa kitu cha vichochoroni. Ilituma mawimbi ya kati ya megahezi 1 na 200 kwenye ngozi, na wabunifu wake hawakudai kwamba wanaigusa glukosi yenyewe. Walisema kwamba sukari ya damu ikibadilika, mpangilio wa chumvi kati ya ndani na nje ya chembe nyekundu hubadilika pia, na ngozi ya chembe, ile ile ya Fricke, hubeba alama ya badiliko hilo. Ni wazo la mtu mwenye elimu. Mnamo 2003 Pendra ilipata alama ya CE, ile inayoruhusu kifaa kuuzwa katika nchi za Ulaya, na ikafika sokoni Uholanzi. Haikuwa rahisi kuitumia: ilibidi ilinganishwe kwanza na vipimo vya damu ya yule atakayeivaa, na ukiivua ukaivaa tena ulisubiri saa nzima kabla ya kuiamini.

Madaktari wa Amsterdam waliichukua wakawapa wagonjwa sita, huku wakiwapima damu kwa njia ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mnamo 2005. Kwa wastani tarakimu za saa zilipishana na zile za damu kwa asilimia 52. Na asilimia 4.3 ya vipimo viliangukia katika kundi ambalo madaktari huliogopa kuliko yote, yaani saa husema sukari iko juu ilhali iko chini, au husema iko chini ilhali iko juu. Kampuni ilifilisika na saa ikatoweka.

Huenda ukasema kwamba asilimia 4.3 si nyingi, mtoto akileta makosa manne katika maswali mia nyumbani atapewa soda. Lakini fikiria maana yake. Mgonjwa anayetumia insulini huchoma dozi kulingana na tarakimu aliyoiona. Sukari yake ni 3, saa inasema 14, anajichoma insulini ya kuishusha 14. Sukari hiyo ya 3 haina pa kushukia. Baada ya muda anatoa jasho jembamba, anatetemeka, maneno yanamtatanika, watu wa nyumbani wanadhani amelewa au ana hasira, na asiposaidiwa anaweza kuzimia na hata kufa. Kipimo kinachokosea kidogo kila siku mtu hukizoea na kumweleza daktari. Hiki hukosea siku moja tu, kwa kishindo, baada ya wiki tatu za kuaminika.

Shirika la Marekani linalosimamia chakula na dawa, FDA, lilitoa onyo mnamo 21 Februari 2024 kuhusu saa na pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi. Lilisema kwamba halijaidhinisha hata moja inayofanya kazi hiyo yenyewe, liwe jina gani na kampuni gani, na likataja hatari hiyo hiyo ya dozi isiyofaa. Kama saa hiyo ingekuwa imeshapatikana, amini usiamini, kampuni tajiri kuliko zote duniani zingekuwa zinaiuza, wala isingehitaji kutangazwa kwa picha za mkato kwenye simu yako saa nne za usiku.

Mtu wa tatu: kufuli na ufunguo

Huenda mwanafunzi ameshaanza kuuliza: kama redio haijui jina la sukari, ile mashine ya damu ya mzee inajuaje? Jibu ni kwamba kile kikaratasi kina kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi moja maalum. Kinachotumika sana hutolewa kwenye ukungu mweusi, ndugu yake ule unaoota kwenye mkate na vitunguu. Kimeng'enya hicho kimeumbwa kama kufuli, na glukosi ndiyo ufunguo. Sukari ya matunda ikipita haina habari nayo. Glukosi ikiingia, mmenyuko hutokea, elektroni hutiririka, na mashine huhesabu umeme huo. Wazo la kukiunganisha kimeng'enya hiki na kipimo cha umeme lilitolewa na Leland Clark na mwenzake Champ Lyons kule Marekani mnamo 1962, na mashine nyingi za nyumbani ni wajukuu wake. Kumbe kikaratasi ndicho karani. Ndicho kinachosema: haya ni mahindi.

Redio nayo ikipewa karani hufanya maajabu. Mjerumani Günter Sauerbrey alionyesha mnamo 1959 kwamba fuwele ya kwatzi, ile ile ambayo jina lake huandikwa usoni mwa saa za bei nafuu, ikitetemeshwa kwa umeme hupunguza kasi yake kitu chochote kikikaa juu yake. Chukua fuwele inayotetemeka mara milioni 5 kwa sekunde. Ikipoteza mtetemo mmoja tu, katika kila sentimita moja ya mraba ya uso wake pameongezeka uzito wa sehemu 17.7 za gramu iliyogawanywa mara bilioni. Watafiti hupaka juu yake kingamwili, zile protini ambazo mwili huunda ili kuwakamata wadudu wa ugonjwa, kila moja na mdudu wake. Damu au mate yakipitishwa, kinachotafutwa hunaswa, vingine huoshwa, na mtetemo hushuka. Hapo redio imetambua molekuli kwa jina. Lakini angalia: kimeng'enya au kingamwili lazima viguse kile kinachotafutwa. Havifanyi kazi kupitia ngozi isiyotobolewa.

Hilo linanileta kwenye jambo linalochanganya watu wengi. Huenda umemwona mtu mwenye kidude cha mviringo, kama kifuniko cha chupa, kimebandikwa nyuma ya mkono wake wa juu, akikisogezea simu na kusoma sukari. Hicho si ile saa. Chini ya kidude hicho kuna uzi mwembamba ulioingia ndani ya ngozi, nao umepakwa kimeng'enya. Kipo cha kampuni ya Abbott kiitwacho FreeStyle Libre, kilichoanza kuuzwa Ulaya mnamo 2014 na kukaa mkononi siku 14. Zipo pia za kampuni nyingine. Redio imo ndani yake, ila kazi yake ni ya tarishi tu, kupeleka barua kwenye simu. Aliyeonja sukari ni kimeng'enya. Na kwa kuwa kinaonja maji yaliyo kati ya nyama, si damu yenyewe, habari huchelewa kwa dakika kadhaa. Ni ghali, sikatai, na kwa familia nyingi za hapa kwetu bado ni kitu cha kusikia. Basi muuzaji akikuambia saa yake "ni kama ile ya mkononi," muulize uzi uko wapi.

Kuhusu hofu ya wale wanaoniuliza kama mawimbi haya yatamdhuru mama, sina mengi. Nguvu inayotumiwa na vifaa vya namna hii ni ndogo sana, na mawimbi ya redio hayavunji molekuli kama eksirei; yakizidi hupasha joto tu. Mimi simhofii mama kwa sababu ya mawimbi. Ninahofia ile mashine iliyotiwa kabatini.

Ikiwa saa hiyo iko nyumbani tayari, usimwaibishe aliyeinunua, maana aliinunua kwa mapenzi. Itumie kusoma saa na kuhesabu hatua. Kama mwenyewe hakubali, acheni saa ijitetee. Kijana wa kidato cha tatu aijaze chupa maji ya uvuguvugu, aifunge saa hapo kama inavyofungwa mkononi, abonyeze kipimo cha sukari. Ikitoa tarakimu ya sukari ya chupa, mazungumzo yameisha. Isipotoa, bado haijashinda, kwa sababu saa nyingine hunyamaza tu zikikosa kuona mapigo ya moyo. Hapo chukueni daftari, mpige mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andikeni tarakimu ya kidole, kulia tarakimu ya saa, zote zikichukuliwa kwa wakati mmoja: kabla ya kula, saa mbili baada ya kula, baada ya kazi ya juani, na usiku kabla ya kulala. Mpime hivyo kwa siku saba. Msitazame siku ambazo zimekubaliana. Tazameni ile siku ambayo kidole kilisema 4 au 15. Dozi ya insulini na vidonge ifuate upande wa kushoto peke yake muda wote huo. Na mama akianza kutetemeka na kutoa jasho bila sababu, msingoje saa iseme: mchomeni kidole, na kikiwa chini ya 3.9, au kama mashine haipatikani haraka, mpeni vijiko vitatu vya sukari katika maji akiwa bado anaweza kumeza, kisha mpimeni tena baada ya dakika 15. Daftari hilo mlipeleke kliniki siku ya zamu yake.